Kocha wa Mateke

Katika mpira wetu huu wa Kimarekani, unaochezwa zaidi kwa mikono, vijana wa kocha wa mateke waliingia pale tu mpira ulipotakiwa kupigwa teke. Kabla ya kila teke aling'oa nyasi kidogo, akaziachia, akatazama zinakopeperukia. Mpira ukipita katikati ya nguzo, sifa za mpigaji. Ukienda kombo, lawama za kocha. Mkewe alishaacha hata kufungua maboksi ya vyombo, maana kila mji mumewe alifukuzwa kazi.

Jumapili mpira wa teke la mwisho ulipeperushwa na upepo, ukagonga nguzo, na msimu wetu ukaishia hapo. "Nenda kalee wajukuu, babu!" mashabiki walimzomea.

Jumatatu asubuhi, tayari kafukuzwa, alikuja stoo ninakotunza jezi, akarudisha koti la timu. Alikuwa amelikunja vizuri, utadhani jipya. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Hapo aliinama, akachota theluji, akairusha juu. Ilishuka wima, ikamwangukia viatuni.

"Kocha, unapima nini tena?"

"Upepo umelala," akasema, bado anatazama viatu vyake. "Leo mpira ungepita, Vern. Leo hata wewe ungeupitisha."