Kalamu Iliyolazwa Pamoja na Jembe

Kaka yangu alivuka mpaka kwenda Bukavu kununua sabuni za kuja kuuza, vita vikamkuta huko. Miezi ikapita. Waliorudi hawakuwa wamemwona.

Nikaanza kumwandika. Kila alasiri, nikitoka shambani kwetu Nkanka, niliketi mlangoni na daftari na kumtungia njia ya kurudi: leo amejificha parokiani, kesho amepata mtumbwi wa wavuvi. Mwishowe nilimfikisha kwenye daraja la mto Rusizi, pale mpakani, nikashindwa kumvusha, nikashindwa pia kuacha. Nilijiambia kwamba siku nisipoandika, ndiyo nitakuwa nimemuua. Niliandika nikiwa na malaria. Niliandika huku mabomu yakisikika kutoka Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Maneno yalikuwa yamekauka, nami nikazidi kuyakamua.

Nieleze kidogo desturi yetu. Mtu akifa, familia yake hailimi. Majembe hulazwa mpaka kilio kiishe, hata mvua ikiwa imeshaanza, na hakuna jirani atakayewaita wavivu. Sisi hatukuwa na maiti, kwa hiyo hatukulaza jembe. Tulilima misimu miwili juu ya msiba tusiouanza.

Shangazi yangu, aliyezaliwa ukimbizini Bukavu na kurejea nasi baada ya mauaji ya kimbari, alikuja siku moja akaketi karibu yangu na ungo wa maharage.

"Mutoto wangu, kwa kilio jembe inalalaka. Kalamu yako iko nani, isilale?"

Nikamwambia nikiacha, kaka amekufa.

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Alishakufa," akasema. "Haiko wewe unamushika na kalamu."

Kesho yake aliwaita majirani, tukaketi kilio bila jeneza. Majembe aliyalaza nyuma ya mlango, na daftari langu akaliweka chini ya majembe hayo.

Kilio kilipoisha tulirudi shambani, lakini daftari sikuligusa. Nilingoja dhamiri inisute, haikunisuta. Nililala mchana, nililia, nilipalilia. Wewe unayeandika ukiwa umechoka hivyo, iweke chini kalamu yako. Aliyekufa hafi mara ya pili kwa sababu umepumzika.

Maharage yalipovunwa ndipo nilipolifungua. Kaka alikuwa bado amesimama darajani, upande wa Bukavu. Nikaandika "marehemu" mbele ya jina lake, kisha nikaendelea kutoka hapo.