Kipande cha Kanga cha Mama

Nichekeni taratibu, maana aibu yenyewe bado haijapoa.

Siku ya kurudi Doha kutoka likizo Tanga, mama alifunga kipande cha kanga kwenye mpini wa begi langu ili nisilipoteze. Mimi, mlinzi wa hoteli kubwa ya West Bay, nikajiona nimeshapita mambo hayo. Tulipoagana tu, nikakifungua, nikakitia mfukoni.

Kwenye mkanda wa mizigo, uwanja wa ndege wa Doha, mabegi yote yalikuwa meusi. Nikachukua moja, nikaenda nalo chumbani kwangu, mtaa wa Najma. Kulifungua, nikakuta madira na chupa ya achari ya embe.

Nikarudi uwanjani mbio kutafuta wa kumlaumu. Kwenye dawati la mizigo alikuwepo dada mmoja wa Mombasa. Pembeni yake aliketi mama wa makamo, mfanyakazi wa nyumbani, macho mekundu kwa kulia.

"Begi langu mmempa mtu," nikafoka. "Shirika ndilo linalowajibika."

Dada akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye begi nililoshika. "Hili ni la mama huyu, kaka. Lako limezunguka peke yake mpaka likachoka. Kwani hukuweka alama?"

"Sina alama. Mama hakuniwekea."

Jasho lilikuwa linanitiririka. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikajifuta uso.

Yule mama alikitazama kile kipande cha kanga, kisha akanitazama mimi.

"Alikuwekea, mwanangu," akasema.