Lifti ya Maktaba

Mkaguzi wa majengo ya kale wa halmashauri alikuwa na kawaida moja: kabla ya kufungua michoro, huweka kiganja ukutani, kama mama anayempima mwanawe homa. Kisha, kwa sauti iliyochoka, husema, "Haiwezekani." Dorothy Sugden, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, alikwisha kulisikia neno hilo mara mbili. Maktaba yao pale Yorkshire ilijengwa zama za Malkia Viktoria, na safari hii aliomba kuongeza chumba cha lifti nyuma, pasipoonekana.

Yeye na mkaguzi wakazunguka nyuma mvuani, wakapita mapipa ya taka, wakamkuta Bwana Haigh, msomaji wa maktaba hiyo, kwenye kiti chake cha magurudumu, gazeti kichwani, akingoja kufunguliwa mlango wa mizigo, maana mbele kuna ngazi tu. "Karibu kwenye foleni, bibie," alimwambia mkaguzi. "Mie nimeshaota kutu." Mkaguzi hakucheka. Alibonyeza kengele, akangoja kando yake, akabonyeza tena, maji yakimtiririka shingoni. "Lifti haikai huku nyuma," akasema hatimaye. Dorothy akainamisha kichwa. "Iwekeni mbele, kando ya ngazi kuu," mkaguzi akaendelea. "Mbele? Si itabidi tubomoe ukuta?" "Itabidi," alijibu, akijifuta uso. "Na watakaokuja juu kulalamikia ukuta, waleteni kwangu. Nimeshawazoea."