Kangaruu Asiye na Ini

Selwyn alikuwa amechora kangaruu kwa zaidi ya nusu ya umri wake, wala hakupata kumchora hata mmoja aliyefichwa matumbo. Wachoraji wa magharibi ya Arnhem, kaskazini mwa Australia, huifanya ngozi ya mnyama iwe kama maji maangavu: ndani unaona uti wa mgongo, moyo, ini, na mistari inayotenga paja na kiuno. Mistari hiyo si urembo. Ndiyo inayosema nani atapewa nini mnyama akitolewa motoni: aliyemchoma mkuki, shemeji, mama mkwe, mjomba. Idhini ya kumchora aliipata kwa Dudley, kaka wa mama yake, kwa kuwa mnyama huyo ni wa ukoo wao. Na aliyeitoa anaweza kuitwaa.

Mwaka mmoja duka la sanaa lilipata meneja mpya, Bronwyn, mwanamke mchangamfu aliyependwa na watu.

"Selwyn," akamwambia, "wageni wanasema matumbo yanawatia kichefuchefu. Nichoree mmoja mwenye manyoya na macho mazuri, basi."

Watu wanaonunua nyama iliyokwisha kufungwa kwenye plastiki, wasiotaka kujua mnyama alikufaje, sasa wanadai hata picha yake isafishwe damu! Na lililo baya zaidi ni kwamba tunaitika. Selwyn hakushurutishwa na mtu. Alichora kwenye gome la mti kangaruu mwenye manyoya, Bronwyn akafurahi, akamtundika dirishani.

Kesho yake Dudley alipita hapo akienda kununua sukari. Akasimama mbele ya dirisha.

"Huyu kafa kwa njaa?" akauliza. Waliokuwapo wakacheka. Yeye hakucheka. Akamfuata Selwyn nyumbani.

"Mpwa wangu, fungu langu liko wapi?"

"Mjomba, ile picha ya dukani tu."

"Ya dukani tu! Nilikupa mnyama mzima, umemfanya begi tupu. Shemeji zako wakipita pale wataambiana nini? Kwamba Selwyn anakula peke yake?"

"Bronwyn ndiye aliyetaka hivyo."

"Ah, siku hizi Bronwyn ndiye mjomba wako? Basi nendeni mkachore mbwa. Kangaruu wangu apate ini, ama usimguse tena maishani."

Selwyn hakuwa na mnyama mwingine. Akinyang'anywa huyo, mikono yake ingebaki ya kufukuzia nzi.

Asubuhi akaingia dukani na udongo wake wa rangi, mweupe na mwekundu, na unyasi wa kuchorea.

"Niteremshie yule. Hajakamilika."

"Selwyn, kapata mnunuzi! Anaondoka naye kwa ndege ya leo."

"Ataondoka naye akiwa na matumbo, ama haondoki naye."

Akaketi sakafuni, akayafuta manyoya ya kifuani na tumboni kwa udongo mweupe, akaanza na moyo. Mnunuzi alipofika alitazama kidogo, akasema hapana, asante. Bronwyn alinuna, na kwa miezi mingi hakumwagiza Selwyn kitu.

Gome lile Selwyn alimpelekea mjomba wake. Dudley akalikagua kama mtu aliye mbele ya nyama halisi, akipitisha kidole kutoka mstari hadi mstari.

"Hili ini la mjusi."

"Nafasi ilinibana, mjomba. Manyoya yalikwisha kujaa."

"Nani aliyeyajaza?"

Mzee akaliegemeza gome ukutani, upande wa picha ukitazama njia.

"Kesho twende tukabandue magome mapya, kabla mvua haijakatika," akasema. "Kubeba, utabeba wewe."