Nilimpa muuaji wa kwenye movie jina la mteja wangu aliyekuwa anacheka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu salama?

Hii si chai, ingawa ndani yake yumo mama muuza chai. Mengine niliyaona, mengine niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo mkinitukana mtakuwa na haki kiasi.

Juzi kuna uzi humu watu walitoana povu. Mmoja kasema anayecheka watu wakichinjwa kwenye movie za magenge ana shetani. Mwingine kamjibu kwamba anayefumba macho akaangalie katuni na watoto. Nimesoma mpaka comment ya mwisho, nikaona niseme langu.

Kwa wasiopajua, Kamembe ndiyo mji mkuu wa wilaya ya Rusizi kwetu Rwanda. Ukishuka unakuta daraja, ng'ambo ni Bukavu. Na msishangae Mnyarwanda kuandika Kiswahili. Familia za Waislamu wa pale Kamembe tumekua nacho, ingawa chetu kina Kifaransa kingi na mambo mengi ya Bukavu.

Miaka ninayoisema ni ile baada ya mauaji ya kimbari ya kwetu, na vita vya ng'ambo bado vinaendelea. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, kazi yangu kufafanua movie kwenye ukumbi wa video nyuma ya soko. Mabati, mabenchi, TV moja, deki moja.

Kanda zilitoka Bukavu zikiwa za Kifaransa. Mimi nakaa pembeni ya TV na maikrofoni, nawageuzia watu kwa Kiswahili palepale, live. Siyo kama ma-DJ wenu wa Bongo wanaorekodi wakarudia. Ukikosea, umekosea mbele ya watu.

Siri ya kazi ilikuwa majina. Majina ya kizungu hayashikiki, kwa hiyo tuliwapa waigizaji majina ya watu waliokaa kwenye mabenchi. Mteja mzuri anakuwa polisi jasiri. Fundi cherehani wetu alikuwa anapewa wanaume wote waliovaa suti. Watu walikuja makusudi wasikie majina yao, na wakitoka wanatembea kifua mbele.

Jambazi mkuu tu ndiye tuliyemtungia jina. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mfafanuzi alilijua: muuaji hapewi jina la mtu aliye hai. Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Magereza yamejaa, watu wanatajwa kwamba waliua, mashauri yanasubiriwa. Jina la mtu likikaa karibu na neno muuaji, kila mtu anageuka kuangalia.

Mimi nililijua hilo vizuri kuliko wengi. Sina cha kujitetea.

Sasa, ukikaa pembeni ya TV unaona kitu ambacho wengine hawaoni. Wao wanaangalia movie, wewe unaangalia nyuso zao.

Damu ikimwagika, wafanyabiashara wa Bukavu walikuwa wanabishana kuhusu bunduki, kwamba ile haiwezi kutoa risasi nyingi vile. Vijana wa pikipiki wanapiga makofi. Kuna mwalimu mmoja alikuwa anatazama viatu vyake mpaka scene iishe, halafu anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani amekufa. Fundi cherehani aliweza kuangalia mtu akikatwa vidole huku anakula karanga, lakini siku moja kwenye movie kuna jirani alisikia kelele za mtu akafunga pazia lake, fundi akainuka akaenda zake. Hakurudi wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza.

Na alikuwepo Saidi.

Saidi alikuwa mtoto wa pale pale Kamembe, baba yake mshona viatu. Alikuwa jeshini, amerudishwa kutoka ng'ambo mkono umefungwa bandeji, anasubiri upone. Mpole, msalimiaji. Alikuwa amechumbia binti wa Nkanka kule ziwani, na wazee walishakubaliana siku ya kupeleka posa.

Lakini kwenye movie, jamani. Mtu akifungwa kwenye kiti, Saidi anaanza kucheka. Siyo kutabasamu. Anacheka mpaka benchi linatikisika.

Na kwenye benchi hilo hilo alikuwa anakaa Maman Faida.

Huyu ndiye mama muuza chai. Alikuwa anauza mlangoni, movie ikianza anasukuma thermos chini ya benchi anaingia. Mume na watoto wake watatu waliisha mwaka ule wa mauaji. Niliwahi kumuuliza kwa nini anaangalia movie za namna hii, akanijibu kwamba haangalii sana, ila ndani kuna watu.

Mimi nikamuonea huruma. Nikawa namtazama Saidi anavyocheka pembeni yake, moyo wangu unachemka. Nikasema huyu mnyama atamuua mama wa watu.

Jumamosi moja mchana tukaweka kanda mpya ya gangster. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Ikafika scene mhaini amefungwa jikoni kwenye hoteli, bosi wa genge anazunguka na nyundo, anaongea taratibu. Saidi akaanza kicheko chake. Nikamuona Maman Faida amefumba macho, mikono imeshika khanga.

Nikaivuta maikrofoni karibu. Nikasema, "Na huyu mwenye nyundo anaitwa Saidi, mtoto wa fundi viatu. Huyu anaua huku anacheka. Hata ng'ambo wanamjua."

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka kuliko siku zote tangu nianze kazi ile, na sitawaficha, nilijisikia vizuri sana.

Saidi akanyamaza. Nyundo ikashuka. Akainuka na mkono wake wa bandeji, akawaomba watu njia mmoja mmoja, pardon, pardon, akatoka.

Kufika Jumatatu, vijana wa pikipiki wanamuita Nyundo sokoni. Kufika Jumatano neno limefika Nkanka, na njiani limeshavuliwa nguo za movie. Kule lilifika hivi: Saidi wa fundi viatu ametajwa kuwa muuaji mbele ya watu wengi, na yeye hakukana, aliondoka. Baba wa binti akatuma ujumbe kwamba posa isubiri kwanza.

Mimi nikajifariji kwamba ni utani tu, utapita.

Aliyenifuata ni Maman Faida. Alikuja asubuhi kabla hatujafungua, hata chai hakubeba. Nikadhani anakuja kunishukuru. Wakuu, nilishamwekea na kiti.

Hakukaa. Akaniuliza, "Unajua juu ya nini nilikuwa naikala pembeni ya ule kijana?"

Nikasema sijui.

"Yeye anacheka mbele ya kisu, hapana nyuma. Akianza kucheka, miye nafunga macho. Akinyamaza, nafungua. Njo vile nilikuwa naona filime. Ule hakuwe anafurahi. Alikuwa anaogopa mbele ya batu bote."

Kwetu "mbele ya" ni kabla ya. Miezi mingi nimekaa pale naangalia nyuso, najiona mjuzi, na hilo sikuliona. Ni kweli kabisa. Saidi hakuwahi kucheka pigo likishatua. Alikuwa anacheka likiwa linakuja.

Akamalizia, "Kinywa chenye ulimuchafua nacho, umusafishe nacho. Na ile ile mikro."

Nikaenda kwanza kwa Saidi. Nilimkuta kwa baba yake anapanga kalibu za viatu kwa mkono mmoja. Nikaomba msamaha, nikaeleza kwamba ilikuwa movie, kila mtu pale alijua ni movie.

Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza. Akaniita grand, yaani kaka mkubwa, akasema, "Mzee wa Nkanka hakuona filime. Alisikia jina tu."

Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki asubuhi hadi Nkanka. Nikamsalimia mzee, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye muongo. Nikamuomba aje Kamembe asikie mwenyewe. Akaja na kaka yake, wamevaa makoti, wakakaa benchi la mbele kama watu waliokuja kusikiliza shauri. Saidi naye nilimuomba, akakaa nyuma kabisa.

Sikuweka kanda. Nikashika maikrofoni nikasema, kwa jina langu kamili na la baba yangu, kwamba nilimsingizia mtu. Nikasema Saidi hajatajwa na yeyote kwa lolote, nilimtaja mimi kwa sababu nilichukia kicheko chake. Hakuna aliyecheka. Mzee wa Nkanka akasema jina la mtu si kanda, halirudishwi nyuma. Halafu akageuka akamtafuta Saidi kwa macho, akampa mkono.

Posa ilipelekwa. Walioana.

Ningependa kuishia hapo, ila niliahidi ukweli. Saidi aliendelea kuja kwenye movie miezi kadhaa, mpaka alipoitwa kurudi jeshini, lakini hakucheka tena. Hata kidogo. Alikaa nyuma, kimya, ameshika magoti. Kile kicheko kilikuwa fimbo yake ya kutembelea, na mimi nilikuwa nimeivunja.

Na Maman Faida akawa hana wa kumwambia lini afumbe macho.

Kwa hiyo nikachukua kazi hiyo mimi. Kila kanda nikawa naiangalia peke yangu kwanza, nakariri mahali pabaya panapoanzia. Tukifika hapo, kabla ya nyundo, kabla ya kisu, nakohoa mara mbili kwenye maikrofoni. Maman Faida anafumba. Ikiisha nalitaja jina la fundi cherehani, mama anafumbua.

Siku moja nimekohoa, nikamtazama mama, tayari amefumba. Nikainua macho kuangalia nyuma.

Saidi naye alikuwa amefumba. Na yule mwalimu wa kutazama viatu. Na vijana wawili wa pikipiki, wale wale waliompa jina la Nyundo.

Nilikuwa nafafanua movie kwa watu ambao nusu yao hawaangalii. Nikaendelea kuongea, taratibu, ili wajue bado nipo.

Nilichojifunza ni hiki: usimpime mtu kwa anavyofanya mbele ya damu ya kwenye TV. Hujui yeye anaona ipi. Anayecheka muache acheke, anayefumba muache afumbe, na ukiwa na maikrofoni mkononi chunga jina la mtu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe nyundo ikiinuliwa unafanya nini? Na pembeni yako huwa anakaa nani?