Taa Niliyoibandika Plasta

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, matenga ishirini na mawili ya nyanya za Busi, kule Kondoa, yamepangwa nyuma ya pikapu yangu, na mimi niko kwenye usukani nimevaa miwani ya jua, najiona mie ndiye mie. Wewe jana umeniletea hilo gari lako jipya la dizeli nilibariki. Nitalibariki, lakini kwanza kaa hapo, kunywa chai yako, nikuambie nilivyotaka kuliua la kwangu.

Unajua nilikuwa dereva wa idara moja ya serikali hapa Dodoma, enzi ambazo mwanamke akishika usukani watu wanatoka madukani kumtazama. Miaka kumi na moja nimeendesha Landrova ya petroli, sijawahi kugonga hata kuku. Ikaja miaka ile ya ruksa: mashirika yanafungwa huku, maduka yanafunguliwa kule, na sisi wengine tukapewa barua za kupunguzwa kazini. Wenzangu wakafungua vibanda vya soda. Mimi nikashuka Dar, nikarudi na pikapu ya dizeli iliyotumika Japani, nyeupe pe! Siku naingia nayo nyumbani Mkonze, marehemu mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza anaolewa nani.

Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Na ninayo mpaka leo, ila ya leo yana sababu.

Sasa kwenye dashibodi ya gari lile palikuwa na taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye kipicha kama cha chungu kimewekwa juu ya mawimbi. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, nilikifungua, nikakifunga. Mwanzoni taa iliwaka na kuzimika. Baadaye ikawaka moja kwa moja, hainipi nafasi. Gari linatembea vizuri, halichemshi, halitoi moshi, sasa wewe taa unataka nini? Kuuliza sikuweza. Mafundi wa mjini walikuwa wananingoja niharibikiwe ili waseme, "Si tulisema? Dizeli si mambo ya akina mama." Basi nikachukua plasta, hii hii ya kidonda, nikaibandika juu ya taa. Nikaona nimemaliza kazi.

Na nyuma ya nyumba nilikuwa na pipa. Sisi tuliopitia miaka ya foleni, mwanangu, tulipanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya mafuta, mpaka miguu ikavimba. Hata vituo vilipojaa mafuta, mimi sikuviamini. Nikawa nanunua dizeli naiweka kwenye pipa, nachota kidogo kidogo kwa mpira. Pipa nusu limejaa, nusu tupu, mchana jua la Dodoma linalichoma, alfajiri ya Julai baridi inalikaba. Pipa la namna hiyo linatoka jasho kwa ndani, na jasho lenyewe ni maji. Hilo sikulijua.

Tuje kwa akina mama wa Busi. Walikuwa wanalima nyanya bondeni, tamu, nyekundu, lakini mnunuzi alikuwa mmoja tu, tajiri mwenye lori. Alikuja siku anayotaka, akataja bei anayotaka, na nyanya haina subira, asipoichukua leo kesho ni uji. Kiongozi wao, Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinifuata sokoni Kondoa akanishika mkono. Akasema, "Dada, ukitupeleka wenyewe mpaka sokoni Dodoma, yule hatumtaki tena." Nikampa neno langu. Jumamosi ile lori lilipita Busi, wakalirudisha tupu. Kwa hiyo ujue nilichobeba hakikuwa nyanya peke yake. Nikishindwa, wale akina mama wangerudi kwa yule bwana kwa magoti, na angewapa bei ya kuwakomoa.

Tuliondoka jua linachomoza, Mwanahawa kando yangu, amejifunga khanga mpya. Tunakaribia Kondoa mjini, kwenye mlima, gari likaanza kukohoa. Nakanyaga, halivuti. Likashtuka mara mbili tatu, likazima. Nikawasha, wapi! Nikawasha tena na tena mpaka betri ikaanza kulalamika.

Mwanahawa akauliza, "Kuna nini, dada?"

Nikamjibu bila kumtazama, "Watu wameniuzia mafuta mabaya." Uongo ule ulinichoma hata kabla haujaisha mdomoni, maana macho yangu yalikuwa kwenye plasta.

Na shida haiji peke yake. Lori la yule tajiri likaja linapanda nyuma yetu. Akasimama, akachungulia matenga, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akasema angeyahamishia kwenye lori lake, kwa nusu ya bei ya siku zote. Kisha akanigeukia mimi: "Mama, gari si sufuria." Hasira ilinishika, mwanangu, na aibu zaidi. Aliyejibu ni Mwanahawa. "Nenda zako salama, baba. Sisi mzigo tumeshamkabidhi dada." Akaondoka, akatuachia vumbi.

Kule kuaminiwa ndiko kulikonivunja. Ningetukanwa ningepata nafuu.

Ng'ambo ya kona palikuwa na mashine ya kusaga inalia. Mwanahawa akaenda, akarudi na mwenye mashine, Mzee Juma, kofia ya kiua kichwani, amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Ujanani alikuwa fundi wa magreda ya barabara, na injini ya mashine yake aliitunza mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia kwenye gari bila haraka. Hakugusa boneti. Aliangalia dashibodi tu.

"Binti yangu, hii plasta ni ya nini?"

"Taa inanisumbua, Mzee."

"Mtoto wako akilia, unambandika plasta mdomoni?"

Mwanahawa akanigeukia. Sikuwa na pa kujificha. Nikasema kweli, mbele ya wote wawili: taa ina miezi inawaka, sijui maana yake, na niliona haya kuuliza. Mafuta mabaya hakuniuzia mtu. Ni ya pipa langu. Nililia. Ndiyo, mimi huyu unayeniona. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha ujinga wangu mpaka nikataka kuwaharibia wenzangu.

Mzee Juma hakunifariji. Aliagiza bilauri tupu ya chai, akafungua boneti, akanionyesha chujio la dizeli na kizibo kilicho chini yake. "Fungua wewe," akasema. Nikafungua kwa vidole vyangu, yaliyomo yakatiririka kwenye bilauri. Akainyanyua juani. Dizeli ilikuwa juu, nyembamba kama kidole, na chini yake maji matupu!

Akacheka sasa, akanitania kabila langu. "Wagogo bwana! Kila siku mnalia Dodoma haina maji, kumbe mmeyaficha kwenye tangi." Hata mimi nilicheka na machozi yangu. Kisha akakaza uso. "Hiyo taa ndiyo ilikuwa inakuambia haya. Petroli inaweza kukusamehe. Dizeli haisamehe. Maji haya yangefika kwenye pampu ya nozeli, ungeuza hilo gari kama chuma chakavu. Mshukuru Mungu limezima mapema. Dizeli ni ng'ombe: kila asubuhi, kabla hujamwondoa zizini, mkamue hayo maji."

Alinifanyisha kazi yote mwenyewe, yeye amekaa juu ya jiwe. Nikamwaga mafuta ya tangi, nikaweka dizeli safi ya mashine yake kwa kuichuja kwa kitambaa, na Mwanahawa akatoa ncha ya khanga yake mpya nifutie chujio. Halafu ikaja kutoa upepo, kwa sababu hewa ikishaingia kwenye mirija, injini ya dizeli haiwaki hata uiombee dua. Nikalegeza skrubu, nikabonyeza kitufe cha pampu ya mkono, mapovu yakatoka, nikabonyeza, mapovu, nikabonyeza mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge na mafuta yakaja yenyewe bila povu. Nikakaza. Nikaingia ndani, nikangoja hita ipashe moto, nikawasha.

Likanguruma! Mwanahawa alipiga kigelegele, wateja wa mashine wakaitikia kule kwenye kona. Nikabandua ile plasta. Taa ilikuwa imezimika.

Dodoma tulifika mchana, soko bado limechangamka, na nyanya ziliisha zote kabla ya alasiri. Kule sokoni tulilikuta lori la yule bwana, tupu. Nilipiga honi mara moja tu. Adabu ni kitu kizuri, lakini na mimi ni binadamu.

Pipa nililipasua, nikatengeneza majiko. Wale akina mama niliwabebea nyanya miaka kumi na minne kwa gari lile lile, na kila Jumamosi, kabla hajapandisha tenga, Mwanahawa alisimama mbele ya boneti akaniuliza, "Umekamua?" Nikisema bado, hapandishi. Nilimheshimu kwa hilo kuliko mtu yeyote. Mafundi wa mjini? Walikuja wenyewe Mkonze kuniuliza mambo ya dizeli, na sikuwacheka. Sana.

Basi mwanangu, shika haya. Gari lako lina kompyuta, sijui linaongea, lakini maji hayajabadilika. Nunua mafuta panapouzwa mengi kila siku, usiyalimbikize kwa woga wa njaa iliyopita. Usikimbilie kuwasha, ngoja lipashe. Ukitoka mlimani na mzigo, liache lingurume kidogo ndipo ulizime. Oili na chujio badilisha kwa wakati, na kwa vumbi letu hili wakati huo uwahishe, usiucheleweshe. Na taa ikiwaka usiyoijua, simama uulize, hata kama wa kumuuliza amejaa unga. Si ya gari tu. Mkeo akinyamaza ghafla, mtoto akikataa kula, kifua kikibana, hizo ni taa. Usibandike plasta.

Haya, inuka. Chukua bilauri hii uliyonywea chai. Ndiyo hiyo hiyo ya Mzee Juma, Mungu amrehemu. Alinipa siku ile akasema nisije nikakosa cha kukamulia. Nenda nayo. Mungu akutangulie kila kona na akushike kila mteremko, uwabebe watu na mizigo yao, na kila aliyekukabidhi chake akipokee kizima. Amina.

Ngoja kwanza. Umekamua?