Kibanda cha Mlango Mmoja

Mama yangu alikuwa radhi afe kuliko kukaa chumba kimoja na mume wangu. Sisemi kwamba alimchukia. Alimheshimu, na kwetu Kifanya siku zile heshima ya mkwe ilikuwa na sheria zake: mama hatazamani uso kwa uso na mume wa binti yake, hali chakula naye, hakai naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini akageuka hadi mwenzake apite. Wote wawili walikuwa Walutheri wasiokosa Jumapili, lakini sheria hiyo hakuna mchungaji aliyeweza kuing'oa. Hata kanisani mama aliketi nyuma ya nguzo asije akamwona. Mimi niliona ni upuuzi mtupu tangu siku ya harusi, na sikuthubutu kufungua kinywa.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Kaka yangu, mtoto wa kiume pekee wa mama, alikuwa ameandikishwa kwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, na alikuwa kambini Makambako akingoja lori. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi. Mama alimwambia, "Nenda, na usirudi, mimi sina mtoto." Baada ya siku chache hasira zilimwisha, akashindwa kula. Mtu mmoja aliyetoka Makambako akatuambia kwamba lori lingeondoka Ijumaa asubuhi. Mama akatoa sandukuni blanketi jipya, jekundu lenye mistari myeusi, akanikabidhi nilibebe.

"Nitamfunika mwenyewe, kwa mikono yangu hii," alisema. "Ajue nimemsamehe. Basi, sitaki kingine."

Tulitoka Jumanne, watu watatu. Mume wangu, aliyetusindikiza kwa usalama wa njia, alitangulia mbali, akipiga mluzi kila penye kona ili mama ajue alipo. Mimi nilikuwa katikati na mzigo kichwani, na mama nyuma, kaniki imemfunika nusu ya uso. Mluzi ukisimama, naye alisimama. Tulilala Njombe mjini, tukalala tena njiani, na kila tulipofika ilikuwa lazima niombe hifadhi katika nyumba mbili, kama vile nimesafiri na maadui. Wenyeji walielewa. Aliyechoka ni mimi.

Alhamisi mchana, tukiwa tumebakiza mwendo wa saa nne hivi, ukungu ulishuka. Upepo ukageuka, mvua ikaanza kama mchezo, kisha yakaja mawe. Waliozaliwa pwani wakisikia mvua ya mawe hucheka. Waje wasimame kwenye nyasi za Njombe bila mti hata mmoja. Yalinipiga mabegani mpaka nikapiga kelele. Mluzi ukasikika upande wa kulia, nje kabisa ya njia. Mume wangu alikuwa ameona kibanda cha wachungaji wa ng'ombe, akaingia, na sasa alikuwa anatuita.

Kilikuwa kibanda cha mlango mmoja, hakina dirisha, watu wanne wakichuchumaa kimejaa. Mama alipoona nani yuko ndani akazunguka nyuma, akasimama kwenye ukuta ambako paa halikutokeza hata kiganja kimoja.

"Mama, ingia!"

"Niingie wapi? Huoni kuna mtu?"

Nikamwambia nitatundika blanketi katikati, yeye akae upande wake, hatamwona wala hataonekana. Alinijibu huku meno yakigongana, "Hilo ni la mwanangu. Usilifungue. Likilowa nitampa nini?"

Mume wangu alisikia yote. Akainuka, akasema, "Mwambie mama ageuke, nitoke mimi." Alikuwa mtu mwema, nalisema bila kuficha. Lakini mwezi uliotangulia kichomi kilimlaza hadi tukamwitia mchungaji, na mpaka siku hiyo alikuwa anakohoa. Nikasimama mlangoni, nikatandaza mikono.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Kaa."

Akakaa. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo mwembamba, na mama alikuwa upande wa pili. Najua alisikia. Nami sikutoka kwenda kusimama naye. Nilibaki pale mlangoni, nusu yangu imelowa na nusu kavu, nikiwa na hasira naye kuliko huruma.

Mawe yalipokwisha nilimkuta amekaa kwenye maji, midomo ya bluu, macho wazi, hawezi kutamka. Kule bondeni, mbali na njia yetu, moshi ulikuwa unapanda kutoka boma moja. Mimi nisingeweza kumbeba, na mtu mwingine hakuwepo. Nikalifungua lile blanketi, nikamfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, mume wangu akageuza mgongo nikampandisha. Akashuka naye hivyo, analia kama mtoto, akiniambia nisije nikamwambia mtu. Blanketi lililowa lote kabla hatujafika.

Wanawake wa boma lile walitupokea vizuri, wakatusalimu, "Kamwene, kamwene," wakakoka moto, wakampa uji. Asubuhi ya Ijumaa, saa ambayo lori lilikuwa linaondoka, mama akapata sauti. Swali lake la kwanza halikuwa la kaka.

"Nani alinileta hapa?"

Ningemdanganya. Nilikuwa bado natafuta maneno, mama mwenye nyumba akanitangulia kwa furaha: "Mkwe wako huyo! Kakubeba mgongoni kama mtoto mchanga." Mama akageukia ukutani. Tuliporudi Kifanya hakukanyaga tena nyumbani kwangu mpaka anakufa, na aliishi miaka mingi.

Mvua zilipokwisha barua ilifika kutoka Tanga. Kaka aliandika kwamba siku ile alisimama langoni mwa kambi, akitumaini mama atakuja kumuaga, mpaka walipomvuta kumpandisha kwenye lori. Aliuliza jambo moja tu: je, mama alimaanisha yale maneno? Nyumbani aliyesoma ni mimi, kwa hiyo mama aliniita uani kwake nimwandikie majibu.

"Andika sikuja kwa sababu nilikuwa nalima."

"Mama, niandike mvua. Niandike ulikuwa njiani."

"Ukiandika mvua atauliza tulijificha wapi. Ukimwambia wapi, atauliza nani alinibeba. Atasoma mbele ya watu, kule kuna watu wa hapa hapa. Andika nalima."

"Niongeze kwamba umemsamehe?"

Aliendelea kuchambua maharage. "Sikumfunika kwa mikono yangu," alisema. "Andika nalima, ukunje."

Ningeweza kuandika chochote. Hakujua kusoma, na barua nilikwenda kuiposta mwenyewe Njombe. Lakini nilikuwa nimeshamkosea mara moja pale mlangoni, nikajiambia safari hii nitamtii. Kaka hakujibu, na hakurudi. Nami niliiandika barua ile kwa mwandiko wangu bora wa shule, taratibu, herufi kwa herufi, ili asishindwe kusoma hata neno moja.